Kukadiria Matokeo ya Shambulio Kabla Jeshi Halijatoka: Mwongozo Kamili wa Tribal Wars

Mchezaji wa Tribal Wars anapobofya kitufe cha kushambulia, sehemu kubwa ya mapigano huwa imekwisha kuamuliwa. Hesabu inayofanywa na seva jeshi litakapofika ni ileile ambayo mchezaji anaweza kuifanya mwenyewe, akiwa Kisumu au Kakamega, kwa daftari la mraba na kikokotoo cha simu. Kinachobaki nje ya hesabu hiyo ni bahati, na bahati nayo ina mipaka inayojulikana. Mchezo huu wa kivinjari, ulioanzia Ujerumani mwaka wa 2003, haumlipi anayewahi kubofya. Unamlipa aliyesoma ripoti vizuri na kupiga hesabu kabla ya kutuma mtu.

Nimeuandika mwongozo huu nikiwafikiria vijana wanaocheza kwenye saiba za Kondele na wanafunzi wa Maseno wanaocheza kwa simu na bando la kuhesabu, ambao hawawezi kukaa mtandaoni usiku kucha kurekebisha mambo. Kwa mchezaji wa namna hiyo, jeshi lililopotea leo ni wiki nzima ya kujenga upya. Tutafuata mfano mmoja tangu upelelezi hadi uamuzi, na ninakushauri uwe na kalamu mkononi unaposoma.

Anza na mipangilio ya ulimwengu wako

Takwimu zinazofuata ni za ulimwengu wa kasi ya 1 usio na wapiga mishale. Kabla ya kuzitumia, fungua ukurasa wa mipangilio ya ulimwengu (seva ya mchezo) unaochezea na uangalie kasi ya mchezo na ya askari, jinsi ari (kipimo kinachopunguza nguvu ya anayeshambulia mtu mdogo kuliko yeye) inavyohesabiwa, kama kuna wapiga mishale, kama kuna ulinzi wa usiku na saa zake, na kama karakana ya mhunzi ina viwango vya teknolojia. Kimojawapo cha vitu hivi kikiwa tofauti, jibu lako litakuwa la ulimwengu mwingine. Andika majibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa sababu kwa kawaida hayabadiliki tangu ulimwengu unapofunguliwa na hutalazimika kuyatafuta tena.

Upelelezi, na yale ambayo ripoti inaficha

Hakuna makadirio yanayoweza kuwa bora kuliko ripoti iliyoyazaa. Tuma wapelelezi wa kutosha, kwa maana wapelelezi wako huuawa na wapelelezi wa mlinzi, na ukipeleka mmoja kwa mtu aliye macho hutapata chochote zaidi ya kumjulisha kwamba unamtazama. Wakirudi salama, ripoti hukuonyesha askari waliomo kijijini wakati ule, pamoja na wale walioletwa kama msaada na wenzake wa kabila, yaani kundi la wachezaji walioungana, kisha rasilimali zilizomo ghalani, viwango vya majengo na, upelelezi ukifanikiwa kikamilifu, askari wa kijiji hicho walioko nje.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaponza wengi. Kijiji kinaweza kuonekana kitupu saa nane mchana kwa sababu tu jeshi lake limekwenda kuchukua mazao kwa majirani, na likarudi nusu saa kabla ya jeshi lako kufika. Kwa hiyo, askari walioko nje wahesabu kama wamo ndani, isipokuwa uwe na sababu thabiti ya kuamini kwamba watachelewa.

Safu nyingine inayopuuzwa ni ya rasilimali. Wengi huitazama kama nyara tu, ilhali ndiyo inayokwambia mlinzi anaweza kuongeza askari wangapi kabla hujafika. Mpiga mkuki mmoja hugharimu mbao 50, udongo 30 na chuma 10. Ukikuta ghalani mbao 5,000, udongo 3,000 na chuma 1,000, ujue kwamba rasilimali hizo zinatosha wapiga mikuki 100 kamili, mbali na zile zitakazozalishwa jeshi lako likiwa njiani. Kama kambi yake ina uwezo wa kuwatoa wote kwa muda huo ni swali la kiwango cha kambi na kasi ya ulimwengu, lakini mtu mwangalifu huwaongeza kwenye hesabu, hasa ikiwa mlinzi ameshaona wapelelezi wako.

Ikiwa upelelezi umeshindikana kabisa, bado hujabaki gizani. Kila ngazi ya jengo huongeza pointi zinazojulikana, kwa hiyo ukiandika pointi za kijiji kila jioni utaona kinachojengwa. Akademia, kwa mfano, huongeza pointi 512 kwa mkupuo, na ongezeko la namna hiyo halifichiki. Tazama pia orodha ya maadui walioshindwa, ambayo hutenganisha waliouawa katika kushambulia na waliouawa katika kulinda. Mtu ambaye pointi zake nyingi zimetoka kwenye ulinzi huenda ameweka mikuki mingi nyumbani. Hizi ni dalili tu, na binafsi sitoi jeshi kubwa kwa dalili.

Nguvu za askari

Kila askari ana nguvu moja ya kushambulia, lakini ana nguvu zaidi ya moja ya kulinda: ya kuzuia waendao kwa miguu na ya kuzuia wapanda farasi. Mpiga mkuki ana 10 za kushambulia, 15 za kuzuia waendao kwa miguu na 45 za kuzuia farasi. Mwenye shoka ana 40 za kushambulia, lakini 10 na 5 tu za kulinda, ndiyo maana shoka zinazolala nyumbani ni mzigo kwa mwenyewe. Mpanda farasi mwepesi ana 130 za kushambulia, 30 na 40 za kulinda. Mpanda farasi mzito ana 150 za kushambulia, kisha 200 dhidi ya miguu na 80 dhidi ya farasi.

Tofauti ya safu hizo mbili ndiyo kiini cha makadirio yote. Wapiga mikuki 400 wana uzito wa 6,000 tu mbele ya shoka, lakini wana 18,000 mbele ya farasi. Anayepeleka farasi watupu dhidi ya mikuki anakabili ulinzi mara tatu kwa uamuzi ambao ungeepukwa kwa kutazama jedwali.

Hesabu yenyewe

Tuseme ripoti inaonyesha kijiji chenye wapiga mikuki 400, wapanda farasi wazito 50 na ukuta wa kiwango cha 8. Wewe una wenye mashoka 500 na wapanda farasi wepesi 100.

Kwanza tafuta nguvu yako. Mashoka 500 mara 40 ni 20,000. Farasi 100 mara 130 ni 13,000. Jumla ni 33,000, ambapo miguu ni 20 kwa 33 na farasi ni 13 kwa 33.

Pili tafuta nguvu za mlinzi katika safu mbili. Dhidi ya miguu, mikuki inatoa 6,000 na farasi wazito 10,000, jumla 16,000. Dhidi ya farasi, mikuki inatoa 18,000 na farasi wazito 4,000, jumla 22,000. Usijumlishe safu hizo. Chukua kila safu kwa kadiri ya sehemu yake katika shambulio lako: 16,000 mara 20 gawanya kwa 33 ni takriban 9,697, na 22,000 mara 13 gawanya kwa 33 ni takriban 8,667. Ukijumlisha matokeo hayo unapata ulinzi wa 18,364.

Tatu weka ukuta. Kila kiwango cha ukuta huzidisha ulinzi kwa 1.037, na viwango huzidishana, kwa hiyo kiwango cha 8 ni takriban 1.337 na kiwango cha 20, ambacho ndicho cha juu kabisa, hufikia takriban 2.07. Juu ya hapo kijiji chenyewe kina ulinzi wa msingi wa 20, na kila kiwango cha ukuta huongeza 50. Katika mfano wetu, 18,364 mara 1.337 pamoja na 420 hutupa takriban 24,980.

Nne tafuta hasara. Mwenye nguvu kubwa hushinda, na aliyeshindwa hupoteza askari wake wote. Mshindi hupoteza sehemu inayopatikana kwa kugawanya nguvu ndogo kwa kubwa, kisha kuzidisha jibu hilo kwa kipeuo chake cha pili. Hapa 24,980 gawanya kwa 33,000 ni 0.757, kipeuo chake cha pili ni 0.87, zao ni takriban 0.66. Utashinda, lakini utapoteza askari 66 katika kila 100: mashoka 329 na farasi 66. Atakayerudi nyumbani ni mashoka 171 na farasi 34.

Kikokotoo cha vita kilichomo ndani ya mchezo, kwenye uwanja wa kukusanyikia jeshi, hufanya kazi hii yote kwa sekunde moja, na ninakusihi ukitumie kila mara. Sababu ya kujifunza hesabu kwa mkono ni kwamba kikokotoo hukwambia jibu bila kukwambia ubadilishe nini. Aliyeiona hesabu anajua mara moja kwamba tatizo la mfano huu ni ukuta. Ukuta huo ungekuwa sifuri, ulinzi ungekuwa 18,384 na hasara yako ingeshuka hadi takriban 42 kwa 100. Ndiyo kazi ya magogo ya kubomolea, ambayo hupunguza athari ya ukuta katika mapigano yenyewe na kuubomoa zaidi baada ya ushindi. Yaingize kwenye kikokotoo kwa idadi tofauti, uone ni wapi kuongeza gogo moja zaidi kunaacha kuleta nafuu ya maana.

Bahati, ari na usiku

Hadi hapa tumechukulia bahati kuwa sifuri. Katika mchezo, bahati huongeza au kupunguza nguvu ya mshambuliaji kwa hadi asilimia 25. Rudia hesabu yetu pande zote mbili. Bahati ikiwa +25, nguvu yako ni 41,250 na unapoteza 47 kwa 100. Bahati ikiwa −25, nguvu yako ni 24,750, ambayo imepungukiwa kidogo tu na 24,980 za mlinzi, na kwa upungufu huo mdogo jeshi lako lote linaangamia, huku mlinzi akibaki na askari wachache wa kuhesabika kwa vidole. Shambulio lililoonekana la ushindi kwenye skrini linaweza kuishia bila mtu wa kurudi nyumbani.

Kutokana na hilo ninafuata kanuni moja, na ninaamini kila mchezaji asiye na askari wa kupoteza angefanya vyema kuifuata: shambulio lihukumiwe kwa bahati ya −25. Weka nambari hiyo kwenye kikokotoo kwanza, kabla ya nyingine yoyote. Ikiwa matokeo yanavumilika hapo, yatavumilika popote.

Ari huingia unaposhambulia mtu mdogo kuliko wewe. Katika ulimwengu unaohesabu ari kwa pointi, gawanya pointi za mlinzi kwa pointi zako, zidisha kwa 3, ongeza 0.3. Jibu haliwezi kuzidi asilimia 100 wala kushuka chini ya 30. Ukiwa na pointi 3,000 na mlinzi ana 500, ari yako ni asilimia 80. Nguvu yetu ya 33,000 inashuka hadi 26,400, na hasara kwa bahati ya sifuri inapanda hadi takriban 92 kwa 100. Bahati ikishuka chini ya −5 na kitu, umeshindwa. Kumbuka kwamba pointi zako zikiongezeka jeshi likiwa linajengwa, ari dhidi ya mtu yuleyule inapungua, kwa hiyo makadirio ya wiki iliyopita hayafai tena.

Ulinzi wa usiku, katika ulimwengu ulio nao, kwa kawaida huongeza nguvu ya mlinzi maradufu. Katika mfano wetu, hata bahati ya +25 haingekuokoa. Jambo la kuzingatia kwetu Kenya ni kwamba saa zinazotumika ni za seva. Tuseme seva iko saa tatu nyuma yetu na ulinzi wa usiku ni kuanzia 00:00 hadi 08:00. Kwetu hiyo ni saa tisa usiku hadi saa tano asubuhi. Anayetuma jeshi lifike saa mbili asubuhi akidhani usiku umekwisha atakuwa bado yumo ndani yake. Linganisha saa ya simu yako na saa iliyo chini ya skrini ya mchezo, uandike tofauti.

Ushindi unagharimu nini

Mama anayenunua samaki ufuoni Dunga kuja kuuza sokoni haulizi kama watanunuliwa tu. Anauliza atabaki na nini baada ya barafu na nauli. Fanya vivyo hivyo. Mwenye shoka hugharimu rasilimali 130 kwa jumla na mpanda farasi mwepesi 475. Mashoka 329 na farasi 66 waliokufa katika mfano wetu ni rasilimali 74,120. Kila shoka hubeba mzigo wa 10 na kila farasi mwepesi 80, kwa hiyo waliosalia wanaweza kubeba 4,430 tu, hata ghala likiwa limejaa pomoni. Kwa nia ya nyara, shambulio hilo ni hasara tupu.

Sasa tazama kinachotokea ukipeleka mara mbili ya jeshi lile: mashoka 1,000 na farasi 200, nguvu 66,000. Sehemu za miguu na farasi hazijabadilika, kwa hiyo ulinzi ni uleule 24,980. Hasara inashuka hadi takriban 23 kwa 100, yaani mashoka 233 na farasi 47. Umepeleka watu mara mbili na waliokufa wamepungua, si kwa asilimia tu bali kwa idadi. Gharama ni 52,615 badala ya 74,120. Kwa bahati ya −25 nguvu yako ni 49,500 na unapoteza takriban 36 kwa 100, lakini hushindwi. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mchezaji mpya alishike, maana tabia ya kutuma “wanaotosha tu” huua majeshi mengi kuliko maadui wenyewe. Anayetosha tu ndiye anayelipa bei kubwa zaidi.

Hata hivyo, mzigo wa jeshi hilo kubwa lililosalia ni takriban 19,910, ambao bado haufikii gharama. Kwa hiyo kijiji hiki hakifai kwa nyara kwa hali yoyote. Kinafaa tu ikiwa unakitaka chenyewe, au ikiwa jeshi lililomo linakutishia.

Muda wa njiani

Umbali hupatikana kwa viwianishi. Kutoka 510|480 hadi 519|492 kuna tofauti ya 9 na 12. Mraba wa 9 ni 81, wa 12 ni 144, jumla 225, kipeuo chake 15. Mpelelezi hutembea mraba mmoja kwa dakika 9, farasi mwepesi 10, mwenye shoka 18, gogo la kubomolea 30, na jeshi lote huenda kwa mwendo wa anayekwenda polepole zaidi. Kwa miraba 15, mpelelezi atafika baada ya saa 2 na dakika 15, shoka baada ya saa 4 na nusu, na ukiweka hata gogo moja, saa 7 na nusu.

Ongeza muda wa wapelelezi kurudi, na utaona kwamba habari zako zinaweza kuwa na umri wa saa 10 jeshi linapofika. Ninapendelea kutuma upelelezi wa pili jeshi likiwa njiani, uliopangwa kufika na kurudi likiwa limebakiza saa moja au mbili. Amri ya kushambulia haiwezi kufutwa baada ya dakika chache za mwanzo, kwa hiyo upelelezi huo hauokoi jeshi lililokwisha kwenda mbali. Lakini hukwambia kama utume wimbi la pili, na kama wimbi hilo ni la farasi wepesi, ambao kwa miraba 15 wanahitaji saa 2 na nusu tu, bado una nafasi. Kwa anayeishi ambako mvua ya jioni ya kanda ya ziwa hukatiza stima, ni busara kupanga hatua hizi zote ziangukie asubuhi na simu iwe na chaji.

Ukitaka kukiteka kijiji

Uaminifu wa kijiji huanza na 100, na kila shambulio linalofaulu likiwa na mwinyi, yaani askari maalumu wa kuteka vijiji, huushusha kwa 20 hadi 35, na ukifika sifuri au chini yake kijiji ni chako. Kwa hiyo mamwinyi watatu hutosha kwa bahati njema sana, wanne kwa kawaida, na watano kwa bahati mbaya. Kadiria kila wimbi peke yake: wimbi la kwanza lazima lisafishe kijiji kwa bahati ya −25, na kila mwinyi apewe walinzi wa kuweza kukabili msaada mdogo unaoweza kupenya katikati. Mwinyi hutembea dakika 35 kwa mraba, ambayo kwa miraba 15 ni saa 8 na dakika 45. Muda huo ni mrefu, na mlinzi na wenzake wa kabila wanaouona mwendo huo wa pole watatambua kilichomo ndani yake.

Baada ya mapigano

Ripoti ya vita huandika bahati na ari zilizotumika. Katika daftari lako weka safu nne: hasara uliyokadiria kwa bahati ya sifuri, bahati iliyotoka, hasara unayopata ukirudia hesabu kwa bahati hiyo, na hasara halisi. Safu mbili za mwisho zikikaribiana, hesabu yako ni sahihi. Zikitofautiana sana, kuna kitu hukukiona, na orodha ya vya kutazama kwanza ni fupi: msaada uliofika baada ya upelelezi, ukuta uliopanda ngazi moja au mbili, teknolojia ya mhunzi, au jeshi lililorudi kutoka nje. Ripoti yenyewe itakuonyesha askari waliokuwepo, ikiwa angalau mmoja wako amerudi. Walinganishe na ripoti ya wapelelezi mstari kwa mstari, na uandike pembeni kilichoongezeka kabla ya kumshambulia mtu huyohuyo tena.